Upara hautibiwi kwa tangazo

Msomaji, ukishuka kwenye matatu mjini Ruiru na kushika njia ya Gitothua, hebu tazama nguzo za umeme na kuta za maduka. Miongoni mwa makaratasi ya nyumba za kupangisha na ya waganga wa mapenzi, huenda ukaona moja linaloahidi kuotesha nywele kwa siku chache. Ukifika nyumbani ukawasha redio au ukafungua simu, wimbo ni ule ule: mafuta ya mitishamba, sabuni ya ajabu, au safari ya Istanbul kupandikizwa nywele. Kabla hujatia mkono mfukoni, soma kwanza.

Biashara hii haikuanzia kwetu. Nchini Japani, matangazo ya televisheni kuhusu upara yamekuwa sehemu ya maisha ya watu kwa miongo kadhaa. Kampuni ya Aderans, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, ilijijengea jina kwa kutangaza nywele za bandia. Nayo Reve21, iliyoanza mwaka wa 1976, huandaa hata mashindano ya wateja walioota nywele vizuri zaidi, na picha zao za kabla na baada ya matibabu huonyeshwa kwenye matangazo.

Lakini Wajapani wana funzo jingine la kutupa. Dawa ya kumeza iitwayo finasteride iliidhinishwa huko mwaka wa 2005. Kwa kuwa sheria yao hairuhusu dawa za cheti cha daktari kutangazwa kwa jina mbele ya umma, kampuni iliyoitengeneza iliwatumia wachekeshaji wawili mashuhuri, Bakusho Mondai, si kuitaja dawa bali kuwahimiza wanaume wenye upara waende kwa daktari. Hilo ni tangazo lenye manufaa: linakupeleka kwa mtu wa kukupima kabla hujauziwa kitu.

Mtaji wa mwenye kutangaza

Kichwa cha binadamu huwa na nywele zipatazo 100,000. Kila siku nywele 50 hadi 100 huanguka zenyewe, na zinazoota hurefuka kwa takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa hivyo, ukiona nywele chache kwenye kitana usishtuke.

Wakati mwingine huanguka kwa wingi. Mama aliyejifungua, mtu aliyeugua homa kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyepungukiwa na damu, anaweza kuona nywele zikitoka kwa mafungu miezi miwili au mitatu baadaye. Mara nyingi hali hii hupoa yenyewe katika muda wa miezi sita hivi, ikiwa kilichoisababisha kimeondoka.

Hapo ndipo penye mtaji wa muuzaji. Mama ananunua chupa ya mafuta, anapaka kwa miezi mitatu, nywele zinarudi, naye anawasimulia majirani. Nywele zilikuwa njiani kurudi hata angepaka maji matupu! Ushahidi wa jirani, ingawa ni wa kweli kwake, si kipimo cha dawa.

Upara wa kurithi ni jambo tofauti. Kwa wanaume, homoni iitwayo DHT huvifanya vishina vya nywele vinyong'onyee mwaka hadi mwaka, hasa utosini na kwenye panda za uso. Dawa zilizothibitishwa ni chache. Minoxidil, ambayo mwanzo ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, hupakwa kichwani. Finasteride humezwa na wanaume. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Japani wa mwaka wa 2017 uliziweka dawa hizi mbili katika daraja la juu kabisa kwa wanaume. Hata hivyo, huchukua miezi minne hadi sita kuonyesha dalili, na ukiziacha nywele huanguka tena. Finasteride haifai kabisa kwa mama mjamzito kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Basi anayekuahidi nywele kwa wiki mbili anakudanganya.

Saluni na kwa kinyozi

Kwa akina mama, adui mkubwa mara nyingi yumo katika saluni. Utafiti ulioongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa amepoteza nywele kwa kuvutwa. Misuko inayobana, nywele za kuongezea zilizo nzito, na zaidi ya yote kusuka nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha, ndizo hunyofoa nywele za panda la uso na za karibu na masikio.

Dalili ziko wazi: maumivu usiku wa kwanza, vipele vidogo kwenye mizizi, ngozi kukaza. Ikikubidi umeze tembe ya maumivu ndipo ulale, msuko huo umebana mno, ufumue. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, vishina hugeuka kovu, na hapo hakuna mafuta ya kuvifufua.

Watoto nao hupata mapunye, ugonjwa wa ukungu unaoambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Dawa ya kupaka pekee haitoshi, kwa kuwa ukungu huingia hadi kwenye mzizi wa unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, aandikiwe na mhudumu wa afya. Tena, si kila kiraka ni mapunye. Kiraka cha duara, laini na kisicho na magamba, huenda kimetokana na kinga ya mwili kushambulia vishina vya nywele.

Ufanye nini?

Kwanza, jiulize nywele zilianza kutoka lini na kulitokea nini miezi mitatu kabla. Pili, nenda hospitali, kwa mfano ile ya Ruiru au Thika Level 5, upimwe damu na tezi la shingo ikihitajika, na uelekezwe kwa daktari wa ngozi. Tatu, ukiona tangazo la dawa, uliza kama dawa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Anayejiita daktari naye unaweza kutafuta jina lake katika orodha ya Baraza la Madaktari. Nne, uliza bei ya matibabu yote, si ya chupa ya kwanza tu.

Upara wenyewe hauui, na wengi huishi nao kwa raha. Kinachoumiza ni karo ya mtoto kuishia kwenye chupa, na miezi ya thamani kupotea huku kovu likikomaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa inayokufuata hadi kwenye nguzo ya umeme, msomaji, iulize maswali kabla ya kuilipia.