Rubani Akesha, Wasafiri Walala

Mara nyingi wanafunzi wetu hutuuliza: «Kama ndege kubwa za siku hizi zina chombo cha kujiongoza, rubani afanya kazi gani saa zote zile?» Ulizo hili ni la haki. Twataka kulijibu kwa kufuata njia moja tu, ile tunayoijua sisi watu wa Kongo kuliko nyingine zote: njia ya Brussels na Kinshasa.

Njia hiyo ilipasuliwa kwa jasho. Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani wa vita na tena mwanasheria, aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi wa mashini Jef De Bruycker. Walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Na katika siku hizo zote, saa walizokuwa hewani hazikufika 76. Siku nyingine walikuwa chini, wakingoja na kutengeneza. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1935 kampani ya Sabena ilianza safari za kawaida, nazo zilichukua siku tano na nusu, kwa kuwa rubani aliruka mchana tu na jioni akatafuta kiwanja cha kulala. Sabena ilikwisha mwaka 2001. Leo safari ile, yenye kilometri zaidi ya 6,000, yamalizika kwa muda wa saa nane hivi.

Jangwa la Sahara ndilo lililowatia hofu marubani wa kwanza. Mwezi wa Februari 1920 jenerali Mfaransa Laperrine alikuwa akilivuka kwa ndege kuelekea kusini. Ndege ikapotea, mafuta yakaisha, ikaanguka mchangani. Laperrine aliumia, akafa tarehe 5 Machi. Wenzake wawili waliishi kwa kunywa maji ya kupozea mashini, mpaka askari wapanda ngamia wakawakuta. Jenerali alizikwa Tamanrasset, kando ya kaburi la rafiki yake Padri Charles de Foucauld, aliyeuawa pale mwaka 1916 na kutangazwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Siku 19 tu baada ya kifo cha Laperrine, Papa Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wote wasafirio hewani. Hatujui marubani wangapi walikuwa wamemwomba hata kabla ya tangazo hilo.

Siku hizi rubani aipita Sahara kwa urefu wa metri 11,000 hivi. Nje ya kioo baridi ni ya digri 50 chini ya sifuri, na hewa ni nyembamba hata mtu hawezi kuishi. Ndani mama amnyonyesha mtoto wake bila kujua lolote. Hata hivyo kazi ya rubani yaanza kabla hajapanda. Yampasa kuhesabu mafuta: ya kufika, ya kukimbilia kiwanja kingine kama cha kwanza kimefungwa, na ya nusu saa zaidi ambayo haiguswi ila katika shida. Watoto hupenda kofia ya rubani na nyuzi za dhahabu begani. Sisi twapenda hesabu hiyo. Mafuta machache ni hatari, na mafuta mengi mno ni mzigo, na mzigo wenyewe wala mafuta. Hata chakula kina amri yake: katika kampani nyingi kapitani na msaidizi wake hawali sahani ya namna moja, ili chakula kibaya kisije kikawaangusha wote wawili.

Kisha yaja kazi ya kusikiliza. Katika sehemu kubwa ya Afrika rada za nchi kavu hazienei, na redio ya mbali hulia kama mafuta katika kikaango. Kwa hiyo marubani wamepatana kulindana wao kwa wao. Katika wimbi moja la redio, yaani 126.9, kila mmoja atangaza, walau kila dakika 20, mahali alipo, urefu wake na aendako, bila kungoja jibu. Ni kama mtu anayepita njia ya porini usiku akiimba, ili ajaye mbele yake amsikie. Tarehe 13 Septemba 1997 ndege mbili za kiaskari, moja ya Ujerumani na moja ya Marekani, ziligongana juu ya bahari karibu na Namibia. Watu wote 33 walikufa. Hakuna aliyekuwa amewaambia marubani wa upande huu habari za wale wa upande ule.

Karibu na ikweta yangoja mvua. Wingu la radi kwetu laweza kupita metri 15,000, basi kulipanda juu haiwezekani. Ndani yake mna barafu, mvua ya mawe, na pepo zipandazo na kushuka kwa nguvu ya ajabu. Rubani aliona katika rada ya ndege yake, naye hulikimbia kwa kilometri 35 au zaidi. Chombo cha kujiongoza chashika usukani vizuri, lakini hakimwamulii kapitani azunguke kuume au kushoto, na kila mzunguko wala mafuta yale aliyoyahesabu asubuhi.

Hapo ndipo uzito wa kazi huonekana. Tuseme dhoruba imekaa juu ya Ndjili. Brazzaville ni ng'ambo tu ya mto, lakini mvua haijui mpaka. Yaweza kufunga viwanja vyote viwili pamoja. Kapitani azunguka kidogo, atazama saa, atazama mafuta. Chini wako jamaa wenye maua, pengine na jeneza la kupokea. Nyuma yake wako watu mia mbili au zaidi. Ikifika ile dakika aliyoiweka, ageuza ndege kwenda Pointe-Noire au Luanda. Wasafiri hunung'unika, tena wengine kwa sauti kubwa. Yeye awaeleza kwa maneno machache, kisha arudia kusikiliza redio.