Lenzi Mpya au Karo?

Mpiga picha wa Kitengela leo yuko arusini, kesho yuko nyikani akivizia pundamilia. Lenzi moja ya milimita 18 hadi 200 humfaa kote huko, wala haibanduliwi vumbini. Mbona basi atamani nyingine?

Ni mwanga. Ikivutwa hadi 200, tundu lake aghalabu hufinyika hadi f/5.6. Lenzi ghali ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya huo. Kwenye jua la Kajiado hilo si neno. Ndani ya kanisa lenye kiza, kamera hukawia kufunga, na bibi arusi akisogea hutoka na ukungu.

Basi msomaji, kazi zako nyingi ni za jua? Karo itangulie. Ni za kivulini? Kodisha lenzi hiyo kwa arusi moja, kisha picha zikuamulie.