Rachel Shenton ni Nani? Msupa wa TV ya Uingereza Aliyepiku Stori ya Mandera kwa Oscar

Filamu ya Watu Wote ilifika Oscar 2018 ikiwa imebeba stori ya North Eastern, ikarudi bila tuzo. Hiyo wengi wetu tunajua. Chenye wasee wa Garissa hawaulizangi ni nani alichukua hiyo tuzo, na alifikaje pale.

Kwanza tukumbushane. Tarehe 21 Desemba 2015, basi iliyokuwa inaelekea Mandera ilivamiwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Magaidi walitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa katakata, na kuna wamama waliowapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Watu wawili waliuawa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akaaga dunia Januari 2016, na serikali ikampa tuzo ya OGW akiwa ameshatuacha.

Wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, wakaigeuza hiyo stori kuwa filamu ya dakika 22, dairekta akiwa Katja Benrath. Mkenya mwenzetu Adelyne Wairimu akacheza Jua, abiria Mkristo mwenye machungu yake moyoni. Mwaka wa 2017 ikanyakua dhahabu kwa Oscar za wanafunzi. Halafu ikaingia Oscar yenyewe, kitengo cha filamu fupi. Huko ndiko ilikutana na The Silent Child ya Rachel Shenton.

Sasa huyu dem ni nani? Shenton alizaliwa 1987 huko Staffordshire, Uingereza. Akiwa na miaka 12, babake alipoteza uwezo wa kusikia baada ya matibabu ya saratani. Familia ikajipata kwa dunia ya viziwi bila kupenda. Rachel akajifunza lugha ya ishara.

Jina lake lilishika 2010 alipoingia Hollyoaks kama Mitzeee. Kama hujui Hollyoaks, fikiria Tahidi High, lakini wakati huo ilikuwa inaonyeshwa karibu kila siku, mwaka mzima. Akatoka 2013, akaenda Marekani kuigiza kwa Switched at Birth, drama yenye wahusika viziwi na ishara kibao. Uone hapo: kitu alichojifunza kwa sababu ya shida ya nyumbani kikamfaa kazini.

Angeweza kutulia hapo, akule doo ya TV na kungojea wamwite odisheni ingine. Badala yake akashika kalamu. Akaandika kuhusu Libby, mtoto kiziwi wa miaka minne kwa familia ambayo hakuna mtu anajua ishara, na mwanamke anayekuja kumfunza kuongea kwa mikono. Huyo mwanamke akamcheza mwenyewe. Mchumba wake, Chris Overton, akawa dairekta. Pesa haikuwa ya studio kubwa, walichangisha watu mtandaoni. Na Libby hakuigizwa na mtoto anayesikia. Walimtafuta Maisie Sly, kiziwi kweli, ambaye usiku wa Oscar alikuwa na miaka sita tu. Shenton alipopanda jukwaani alitoa shukrani zake kwa mdomo na kwa mikono pamoja, kwa sababu alikuwa amemwahidi huyo mtoto. Tangu 2020 unamwona kwa All Creatures Great and Small kama Helen.

Sasa linganisha. Stori ya Shenton iliandikwa na mtu aliyeishi ndani yake. Yetu iliandikwa na wageni. Waliifanya vizuri na wanastahili heshima, lakini ukweli ni kwamba kama Hamburg hawangekuja, pengine hakuna mtu angeiona hiyo basi kwa skrini. Na dem wa Kisomali kwa drama za Kenya, ukibahatika kumwona, mara nyingi anapewa laini mbili na duka la nguo Eastleigh.

Najua mtu atasema, "Nyumbani hawatakubali nionekane kwa TV." Hiyo ni kweli kwa familia nyingi Garissa, na si ya kucheka. Lakini ndiyo maana redio ipo. Huku kwetu redio ya Kisomali iko kila duka la chai, na mchezo wa redio hauitaji sura yako, unahitaji sauti na skripti. Kalamu nayo haiitaji hata sauti. Kama bado uko shule, tamasha za drama za shule siku hizi ziko na kitengo cha filamu, na simu yako ina kamera.

Wale watoto waliofunzwa na mwalimu Salah sasa ni watu wazima. Wanakumbuka vile alikuwa anaingia darasani, utani wake, vile alikuwa anashika chaki. Hiyo sini hakuna mtu wa Hamburg anaweza kuiandika.