Tusinunue boti kwa rangi

Sisi wa Kaisho tuko mbali na Ziwa Viktoria. Boti tunaziona tukishuka Kemondo au Bukoba. Basi tukienda kununua boti kuukuu kwa fedha za kahawa, tuwe macho. Rangi mpya huficha nyufa.

Tuchome kisu kwenye mbao za chini. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, zimeoza. Pamba ya kuzibia hubadilishwa. Mkuku uliooza, tuachane nao.

Injini tuiguse kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, mwenyewe amekwisha kuipasha ili iwake upesi. Ujanja huo! Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwaka lakini haitoi maji ya kupoza, izimwe haraka.

Halafu boti ikae majini saa nzima, nasi tukiitazama. Maji yakijaa ndani, tusilipe, hata akipunguza bei.