Dizeli Katika Hewa Nyepesi ya Eldoret

Gari la dizeli likitoka Mombasa hufika Eldoret likiwa limepungukiwa nguvu, na hakuna fundi atakayezirudisha kwa spana. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: kila injini ikivuta pumzi, hupata kama asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo ingepata pwani. Mashauri mengi kuhusu utunzaji wa dizeli hayamjali mtu anayeishi mwinuko huu, kwa hivyo nitaanza na yale ambayo mwinuko huyageuza.

Injini isiyo na turbo, kama ile ya 1HZ kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, ndiyo inayoumia zaidi. Pampu iliyorekebishiwa pwani inaendelea kumimina mafuta yale yale ilhali hewa ya kuyachoma imepungua, na yasiyoungua vizuri hutoka kwa nyuma yakiwa moshi mweusi. Yenye turbo hujitetea kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, na hilo nalo lina gharama: beringi zake hutegemea oili safi kuliko kitu kingine chochote.

Mwenye gari akiuona moshi huo hukimbilia kubadilisha nozeli. Nozeli ni ghali. Mimi ningefungua kwanza kisanduku cha filta ya hewa. Msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba, kombaini na matrekta huyageuza mashamba ya Uasin Gishu kuwa mawingu ya vumbi, na filta ambayo ingemaliza miezi kadhaa mjini huziba haraka sana vijijini. Hewa ambayo tayari ni haba inazidi kuzuiwa. Na tafadhali, usikubali filta ipulizwe kwa kompresa yenye nguvu kisha irudishwe. Karatasi yake hupasuka vitundu usivyoviona, na vumbi linaloingia hapo husaga silinda polepole.

Sasa tuje kwa kitu cha bei ndogo ambacho karibu kila mtu hukisahau: kifuniko cha rejeta. Katika mwinuko wetu maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi za Selsiasi, si 100, ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva huku. Thamostati ya injini nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au zaidi kidogo. Ona jinsi nafasi ilivyo finyu. Kifuniko kizima cha baa 0.9 hubana mvuke, na maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Mpira wake ukichakaa, kinga hiyo yote hupotea bila tone moja kuonekana chini ya gari. Siku utakayopanda kutoka bonde la Kerio kupitia Tambach hadi Iten, umebeba mzigo na jua ni kali, gari litachemka, na gasketi ya silinda hedi ikiungua, bili yake utaikumbuka. Mwambie fundi akipime kwa pampu ya presha. Ni kazi ya dakika chache. Na tumia kulanti badala ya maji ya mfereji, kwa sababu hupandisha kiwango cha kuchemka na pia huzuia kutu.

Kuhusu mafuta, Eldoret ina bahati ya kuwa na bohari ya Kenya Pipeline, lakini bohari haiwezi kumchunga kila muuzaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa, yaliyokuwa ya bei nafuu, yalichanganywa na dizeli, hadi serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuiua biashara hiyo. Madhara ya mchanganyiko huo ni haya: dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Katika injini za kisasa zinazosukuma mafuta kwa baa 1,600 au zaidi, pampu ikianza kusagika, vipande vya chuma husambaa hadi kwenye nozeli zote. Maji nayo hufanya uharibifu kama huo. Usiku wa baridi, tangi lisilojaa hutoa umande ndani, basi jaza jioni badala ya asubuhi, na legeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli mara kwa mara umwage maji yaliyotuama.

Oili sitaizungumzia sana, kwa kuwa wengi huikumbuka. Fuata kitabu cha gari, ila punguza kilomita ikiwa unabeba mizigo au unapita kwenye vumbi. Baada ya mlima mrefu, acha injini iungurume taratibu kama dakika moja kabla ya kuizima, la sivyo oili iliyokwama ndani ya turbo yenye moto itaungua na kuwa makaa.

Kisha zile asubuhi za baridi za Julai. Injini ikikataa kuwaka na kutoa moshi mweupe, pima hita plagi kabla ya kulaumu betri. Vijana wengi wa gereji hupendelea kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Dawa hiyo ikikutana na hita plagi iliyopata moto hulipuka kabla ya wakati wake, na inaweza kuvunja ringi za pistoni.