Mwalimu wa Elimu Maalumu ni Sehemu ya Tiba

Homa ya uti wa mgongo inapomwachia mtoto uziwi, kazi kubwa ya daktari huisha mapema. Kinachobaki ni lugha, na lugha haiandikwi kwenye cheti cha dawa. Katika Mkoa wa Simiyu, mtoto mwenye usikivu huanza na Kisukuma nyumbani, kisha Kiswahili shuleni. Kiziwi hukosa zote mbili asipokutana mapema na mtu ajuaye Lugha ya Alama. Kwa familia nyingi za Bariadi, Maswa au Meatu, mtu huyo ni mwalimu.

Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, wakibobea katika uziwi, kutoona au ulemavu wa akili. Fani hizi hazibadilishani: ajuaye Breli si lazima ajue alama. Hata hivyo, aghalabu mwalimu mmoja hukabidhiwa watoto wa aina zote.

Mshahara wa mwalimu wa serikali hufuata kiwango cha elimu: astashahada huanzia TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D. Ngazi hiyo haitazami kwamba mmoja hufundisha hesabu pekee, na mwenzake hulisha, huogesha na kumtuliza mwenye kifafa kabla ya somo kuanza. Sisi wa afya tunayo posho ya kuitwa kazini, kwa kuwa mzigo wa kazi hauonekani kwenye cheti. Hoja hiyo inamfaa pia mwalimu huyu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya mtoto kusoma. Haki hiyo haitekelezeki bila mtu wa kuifundisha.

Mhudumu wa zahanati, tibu mapema sikio linalotoa usaha. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeukia sauti, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, apewe rufaa ya kupimwa masikio. Barua ya majibu iandikwe kwa Kiswahili: sikio lipi linasikia, kwa kiasi gani, na mtoto akae upande upi darasani.

Mzazi, ipeleke barua hiyo kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Usingoje mtoto afikishe umri wa darasa la kwanza. Ubongo wake unajifunza lugha sasa.