Birere, mtaa uliojengwa juu ya mtaa

Anayefika Birere mara ya kwanza anaona maduka, chukudu zimebeba mbao, na watu wanaoelekea Petite Barrière kuvuka kwenda Gisenyi. Hajui kama sehemu zingine anakanyaga juu ya nyumba za watu.

Jina Birere ni majani makavu ya migomba, yale yaliyojengea vibanda zamani. Kwenye karatasi za mji wa Goma kuna kartiye Mikeno, Mapendo, Kahembe. Lakini mwambie motari "Birere", hatakuuliza mara mbili.

Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, mpaka karibu na Munigi. Moto ukashuka, ukafunika kipande cha uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji, ukateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaishia ziwani Kivu. Watu walikimbilia Gisenyi, wengine Sake. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, mawe yangali na joto.

Hapo ndipo shida ilianza. Parseli yako iko wapi, kama avenue, ua na mti wa mpaka vyote viko chini ya mawe? Mwenye karatasi alikuwa nayo, kama haikuungua. Asiye nayo alitegemea jirani anayekumbuka nani alipakana na nani. Ndiyo maana mpaka leo wazee wa avenue wanaitwa mbele watu wakigombania mita mbili.

Watu wakajenga tena, wengi kwa mbao: ni bei nafuu, na haingoji msingi mzito. Ila mbao zimebanana, moto ukishika nyumba moja inakuwa kilio cha avenue nzima. Choo nayo ni kazi ngumu, maana kuchimba mawe hayo ni jasho la siku nyingi.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hii lava ilisimama Buhene, haikufika Birere. Lakini watu hawakungoja tangazo. Waliokuwepo 2002 walishajua rangi ya anga ile. Amri ya kuhama ilikuja tarehe 27, kwa kartiye 10, zikiwemo Mikeno, Mapendo na Kahembe. Vijana waliozaliwa baada ya 2002 walishangaa kuona mama zao wanafunga vitu viwili kwanza: mtoto mgongoni, na karatasi ya parseli ndani ya kitenge.